Kushuka kwenye Hawei: Jinsi ya Kuchagua Njia za Pembeni Unaposafiri kwa Gari Marekani

Ukiiambia simu ikupeleke kutoka Washington hadi Roanoke, Virginia, haikuulizi una haraka kiasi gani. Itakutoa mjini kwa I-66 kuelekea magharibi, ikuingize I-81 kuelekea kusini, na baada ya maili 240 hivi, saa nne kama foleni haikukukamata, umefika. Kwa mtu anayewahi msiba au anayepeleka mzigo, hilo ni jibu zuri. Ila simu haijakwambia kwamba kwenye bonde hilo hilo la Shenandoah zipo barabara nyingine mbili zinazokwenda kule kule. Moja ni US 11, inayopita katikati ya miji midogo ambayo I-81 imeikwepa. Nyingine iko juu, kwenye mgongo wa milima ya Blue Ridge: Skyline Drive, na pale inapoishia ndipo inapoanzia Blue Ridge Parkway.

Nimelichagua bonde hili makusudi. Waswahili wengi tunaishi Washington, Maryland na Virginia, na ndani ya bonde lenyewe, Harrisonburg na Roanoke, zipo familia zilizotoka Kongo na Burundi ambazo Kiswahili ndicho kinachoziunganisha. Mgeni akija kutoka Dar es Salaam au Nairobi, au mtu akipata siku tatu za mapumziko, mazungumzo huwa yale yale: tupite hawei tufike, au tupite njia za pembeni tuone nchi? Watu hubishana kana kwamba zipo njia mbili tu. Lakini "njia za pembeni" ni barabara za aina nyingi, na nyingine hazina chochote cha kuona. Anayejua kila barabara ilijengwa kwa kazi gani hahitaji kubishana. Atajua wapi ashuke, wapi apande tena, na saa ngapi zitamtoka.

Hawei ilitengenezwa isiguse mtu

Mwaka 1919 jeshi la Marekani lilituma msafara wa magari kutoka Washington hadi San Francisco kupima kama magari yanaweza kuivuka nchi nzima. Yaliweza, kwa siku 62. Madaraja yalivunjika njiani, malori yakazama kwenye tope na mchanga. Miongoni mwa maofisa wa msafara huo alikuwemo Dwight Eisenhower, aliyekuwa bado kijana. Miaka mingi baadaye, kwenye Vita Kuu ya Pili, alizishuhudia barabara za kasi za Ujerumani. Alipokuwa rais, tarehe 29 Juni 1956, alitia saini sheria iliyouwezesha mtandao wa Interstate, ndizo hizi hawei zenye herufi I: maili 41,000 kwenye mpango wa wakati ule, serikali ya shirikisho ikibeba asilimia 90 ya gharama kwa fedha za kodi ya mafuta. Leo mtandao huo una maili zaidi ya 48,000, takriban kilomita 78,000.

Masharti ya ujenzi wake ndiyo yanayofanya safari ya hawei ifanane kila mahali. Hakuna njia panda wala taa, na hakuna nyumba au duka linalofungua mlango barabarani. Kila upande una angalau njia mbili, kila njia futi 12 kwa upana. Kona zimelegezwa na vilima vimekatwa ili lori lisipoteze mwendo. Huingii wala hutoki ila kwenye eksiti, na kwa kuwa ndipo mahali pekee gari linapoweza kushuka kutafuta chakula, makampuni yale yale ya mafuta, baga na hoteli yamejipanga hapo. Mtu anaweza kutoka Pennsylvania hadi Tennessee kwa I-81, akasimama mara tano, na mara zote tano akala kitu kile kile.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatukuzoea hivyo. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha inapita ndani ya Chalinze, Korogwe na Same. Gari linapunguza mwendo kwenye matuta, wauza matunda wanasogea dirishani, wanafunzi wanavuka, msikiti uko huku na soko liko kule. Ukisafiri umeiona nchi hata kama hukukusudia. Mgeni akikaa kwenye I-81 akingoja Marekani imjie namna hiyo, atafika Roanoke ameona miti na matela ya malori. Maisha yapo, ila yalitengwa na barabara kuu kwa makusudi, na anayetaka kuyaona lazima ashuke.

Utengano huo uliwaumiza watu. Mji mdogo wa Seligman, Arizona, uliokuwa ukiishi kwa wasafiri wa Route 66, ulikwepwa na I-40 tarehe 22 Septemba 1978. Kinyozi wa hapo, Angel Delgadillo, amesimulia mara nyingi jinsi magari yalivyotoweka siku hiyo hiyo. Mwaka 1985 Route 66 ikafutwa rasmi kwenye orodha ya barabara za taifa, na mwaka 1987 Delgadillo na wenzake wakaunda chama cha kuitetea. Ukiona leo watalii wanaishiwa nafasi za kuegesha Seligman, jua ni kazi ya watu waliokataa mji wao ufe. Mijini hawei zilifanya kinyume: badala ya kukwepa watu zilipita juu yao. I-94 iliukata mtaa wa Rondo kule St. Paul, I-95 ikaukata Overtown kule Miami, na I-10 ikajengwa juu ya Claiborne Avenue kule New Orleans. Yote ilikuwa mitaa ya watu weusi yenye biashara na makanisa yake.

Namba na umbo la kibao

Kabla hujashuka, jifunze kusoma vibao. Vinakueleza karibu kila kitu.

Kibao chenye umbo la ngao, buluu na nyekundu, ni cha Interstate. Ngao nyeupe yenye namba nyeusi ni ya barabara za US, mtandao wa zamani uliokubaliwa Novemba 1926, miaka thelathini kabla ya sheria ya Eisenhower. Barabara za jimbo zina alama inayochaguliwa na jimbo lenyewe: Kansas wameweka ua la alizeti, Utah mzinga wa nyuki, New Mexico jua la watu wa Zia, jimbo la Washington, lile la magharibi, kichwa cha George Washington. Chini ya hizo kuna za kaunti, mara nyingi kibao cha buluu chenye pembe tano na maandishi ya njano. Kadiri unavyoshuka ngazi hizi ndivyo kona zinavyoongezeka na sheli zinavyopungua.

Namba nazo zina mpango. Kwenye mitandao yote miwili, namba shufwa ni za mashariki na magharibi, namba witiri ni za kaskazini na kusini. Tofauti ni kwamba waliopanga Interstate waligeuza mwanzo wa kuhesabu ili namba zinazofanana zisikutane mahali pamoja. US 1 iko pwani ya mashariki na US 101 pwani ya magharibi, ilhali I-5 iko California na I-95 iko mashariki. US 2 iko karibu na mpaka wa Kanada, I-10 iko karibu na Mexico. Ndiyo maana hakuna I-50 wala I-60: zingeangukia majimbo yale yale ya katikati yenye US 50 na US 60, na madereva wangechanganyikiwa.

Eksiti pia zisome. Kwenye majimbo mengi, Virginia ikiwemo, namba ya eksiti ni maili, si mpangilio wa moja, mbili, tatu. I-66 inaungana na I-81 kwenye eksiti 300. Ya Harrisonburg, kwa US 33, ni 247. Toa hesabu: maili 53. Namba zinapungua unapokwenda kusini kwa sababu kuhesabu kunaanzia Bristol, mpakani na Tennessee. Abiria mwenye kazi ya kutazama ramani anaweza kusema "bado maili kumi tushuke" bila kushika simu.

US 11, barabara ya katikati

Watu wengi wanapofikiria njia ya pembeni wanaruka moja kwa moja kwenye barabara za milimani zenye picha nzuri. Mimi ningemwambia mtu aanze na US 11, kwa sababu ndiyo inayomfaa asiye na siku nzima.

Barabara hii ni ya kale kuliko magari. Watu wa asili waliutumia ukanda huu kwa safari, vita na biashara. Katika karne ya 18 ulikuwa sehemu ya njia kuu ya mikokoteni iliyowashusha wahamiaji kutoka Philadelphia kwenda kusini. Katika karne ya 19 ikawekwa kokoto zilizoshindiliwa na kuitwa Valley Pike, yenye vituo vya ushuru, na majeshi ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe yakapanda na kushuka juu yake. Leo US 11 inatoka karibu na New Orleans hadi Rouses Point, New York, mpakani na Kanada. Ndani ya Virginia inaiandama I-81 kwa karibu mno, ikivuka mara upande huu, mara ule, na eksiti nyingi za I-81 zinakutoa juu yake au dakika chache tu kutoka kwake. Mtu anaweza kushuka saa moja, akapanda tena, bila kuharibu safari.

Chukua kipande cha kutoka Woodstock, eksiti 283, hadi New Market, eksiti 264. Kwa hawei ni maili 19, robo saa na dakika moja au mbili. Kwa US 11 ni kama nusu saa na zaidi kidogo, kwa kuwa kikomo cha mwendo kinashuka kutoka 55 hadi 35 na 25 kila unapoingia mjini. Kwa dakika hizo ishirini hivi za ziada unapita Edinburg, penye kinu cha zamani kando ya kijito, kisha Mount Jackson. Karibu na Mount Jackson kuna barabara ndogo inayochepuka na kuvuka mto Shenandoah juu ya daraja la Meems Bottom, la mwaka 1894, la mbao, lenye kuta na paa kama ghala refu. Linapitisha gari moja kwa wakati. Ukiingia, mwanga unakatika ghafla, mbao zinagonga chini ya matairi, na unayaona matao makubwa ya mbao kila upande. Daraja liliwahi kuchomwa moto mwaka 1976 na likajengwa upya kwa mbao zile zilizosalimika pamoja na nyingine.

New Market yenyewe inaonyesha jinsi barabara mbili zinavyolitendea eneo moja. Tarehe 15 Mei 1864 palipiganwa vita hapo, na jeshi la Kusini liliingiza vijana wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Lexington. I-81 ilipojengwa ilikata uwanja ule wa mapigano katikati. Leo mgeni anayetembelea makumbusho hupita kwenye handaki chini ya hawei ili afike upande wa pili, malori yakinguruma juu ya kichwa chake.

Ukiendelea kusini, nje ya Harrisonburg upande wa Dayton, punguza mwendo. Wapo Wamenno (Wakristo wa dhehebu la Mennonite) wa mila ya kale ambao mpaka leo hawaendeshi magari, wanatumia vigari vya farasi, na huwezi kujua kipi kiko nyuma ya kilima. Staunton ni mji wa matofali ulioinuka juu ya vilima, alikozaliwa Rais Woodrow Wilson mwaka 1856. Baada ya Lexington kuna jambo ambalo madereva wengi hulipita bila kujua: US 11 inapita juu ya Natural Bridge, tao la mwamba lenye kimo cha futi 215 hivi, ambalo Thomas Jefferson alilinunua mwaka 1774. Uzio na miti vimeziba pande zote mbili, hivyo unaweza kudhani uko kwenye barabara ya kawaida kumbe chini yako ni korongo. Lazima uegeshe, ulipe kiingilio cha hifadhi ya jimbo, ushuke kwa miguu hadi kijitoni, ndipo uinue macho uone ulikopita.

Barabara ya juu, iliyojengwa kwa ajili ya kutazama

Skyline Drive na Blue Ridge Parkway ni kitu kingine. Hizi hazikuwahi kuwa njia za biashara zilizopitwa na wakati. Tangu siku ya kwanza zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayeendesha gari kwa starehe, na zilianza kujengwa katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi ili kuwapa watu kazi. Vijana wa kikosi cha kazi cha serikali ya Roosevelt ndio waliojenga kuta fupi za mawe unazoziona kando ya Skyline.

Skyline Drive ina maili 105, kuanzia Front Royal hadi Rockfish Gap, yote ndani ya hifadhi ya taifa ya Shenandoah. Kikomo ni maili 35 kwa saa na unalipa kiingilio, takriban dola 30 kwa gari. Kule Rockfish Gap inaanza Parkway: maili 469, sawa na kilomita 755, hadi Cherokee, North Carolina, kwenye mlango wa milima ya Great Smoky. Hii ni bure. Kikomo ni maili 45, malori ya biashara hayaruhusiwi, hakuna mabango ya matangazo wala sheli juu yake. Ujenzi ulianza Septemba 1935 na haukukamilika mpaka 1987. Kipande cha mwisho ndicho kilichowatesa wahandisi, pale inapozunguka Grandfather Mountain. Kukata mlima kungeuharibu, kwa hiyo walijenga daraja la Linn Cove lenye futi 1,243, vipande 153 vya zege, kimoja tu kikiwa kimenyooka. Kila kipande kilishushwa kutoka juu na kuunganishwa na kilichotangulia, daraja likajijenga mbele lenyewe bila mitambo mizito kukanyaga mteremko.

Uzuri huo usitufanye tusahau uliko­toka. Kuanzisha hifadhi ya Shenandoah, jimbo la Virginia lilitwaa ardhi na mamia ya familia za mlimani zikaondolewa. Ukitembea kwenye njia za miguu utakuta msingi wa nyumba, bomba la moshi la mawe, makaburi. Na hifadhi ilipofunguliwa ilifuata ubaguzi wa Virginia: Lewis Mountain, iliyofunguliwa 1939, ndiyo iliyotengewa wageni weusi, mpaka utengano huo ulipoondolewa kabisa kufikia 1950. Nchi nzima mambo yalikuwa hivyo. Ipo miji ambayo mtu mweusi hakutakiwa kuonekana jua likizama, na hawezi kujua ni upi mpaka aambiwe. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, mbeba barua wa Harlem, kuanzia 1936 alikuwa akichapisha mwongozo wa hoteli, migahawa na sheli zilizokuwa tayari kumpokea dereva mweusi, na ukaendelea kutoka hadi miaka ya 1960. Kwa familia hizo, kuchagua barabara ndogo hakukuwa suala la mandhari. Nalieleza hili kwa sababu rafiki zetu Wamarekani weusi wa umri mkubwa wakisita kushuka hawei usiku wana kumbukumbu zao, na sisi tuliokuja juzi tunapaswa kuziheshimu. Binafsi nimepokewa vizuri kwenye miji ya bonde hili. Hata hivyo mahali nisipopajua napanga nifike mchana.

Hesabu kwa saa, usihesabu kwa maili

Kosa linaloharibu safari nyingi za pembeni ni kupanga kwa maili. Maili 100 kwa mwendo wa 70 ni saa moja na dakika 26. Kwa 45 ni saa mbili na dakika 13, na hapo hujasimama mahali. Kwenye barabara ya juu utasimama, maana kila baada ya maili chache kuna sehemu ya kuegesha na kutazama bonde, na watoto wataomba kushuka.

Turudi kwenye safari yetu. Washington hadi Front Royal ni kama maili 70. Skyline ni 105, kwa 35, saa tatu kamili. Kutoka Rockfish Gap hadi kibao cha maili 121, penye US 220 ya kushukia Roanoke, ni saa tatu nyingine kasoro kidogo. Jumla ni karibu maili 300 na saa saba za usukani, karibu mara mbili ya muda wa hawei. Ongeza chakula na kusimama, siku imekwisha na dereva amechoka mikono kwa kona. Ndiyo maana nashauri kuchanganya. Parkway ina milango mingi ya kushukia: US 60 kwenye maili 45 inakupeleka Buena Vista na Lexington, US 501 iko karibu na maili 64 pale barabara inapouvuka mto James, sehemu ya chini kabisa ya Parkway nzima, na US 460 iko maili 106. Ukichoka, ukungu ukishuka au jua likielekea kuzama, teremka, dakika chache uko US 11 au I-81.

Simu inahitaji kuelekezwa. Ukibonyeza "epuka barabara kuu" usidhani umeomba mandhari. Umeomba tu barabara yoyote isiyo hawei, na karibu na miji mikubwa hiyo ina maana ya maili nyingi za taa, maegesho ya maduka na foleni ya jioni. Toka mjini kwa hawei. Weka miji ya katikati mmoja mmoja kama vituo: Woodstock, New Market, Staunton. Pakua ramani ya eneo zima kabla hujaondoka, kwani milimani mtandao unakatika. Ukishawishika kuchukua US 250 kutoka Staunton kuelekea magharibi hadi West Virginia, utaingia ndani kabisa ya eneo la ukimya wa redio lililotengwa mwaka 1958 kuzilinda darubini za redio za Green Bank, na huko ukosefu wa mtandao ni sera. Atlasi ya karatasi bado ina kazi. Nyingi huweka nukta kando ya barabara zenye mandhari, na kwenye ukurasa mmoja unaona barabara zote tatu kwa pamoja, jambo ambalo kioo cha simu hakikupi. Ziko pia barabara zinazotambuliwa rasmi kwa uzuri wake chini ya mpango ulioanzishwa na bunge la Marekani mwaka 1991, na vibao vyake utaviona njiani.

Hatari na sheria zinazobadilika

Barabara ndogo ni hatari zaidi kuliko hawei, na msafiri anapaswa kulijua hilo kabla hajawapakia watoto. Mmarekani mmoja kati ya watano anaishi vijijini, lakini takriban asilimia 40 ya vifo vya barabarani vinatokea huko. Hakuna ukuta wa kukutenganisha na gari linalokuja, miti iko karibu na lami, na gari la wagonjwa liko mbali. Ushaufuata utaratibu wa hawei saa tatu, mguu umezoea 70, ghafla uko kwenye kona ya 30. Kulungu hutoka zaidi alfajiri na magharibi, hasa Oktoba hadi Desemba, na akipita mmoja subiri wa pili. Kwenye mteremko mrefu shusha gia, usikalie breki.

Kuna sheria ambayo kwenye hawei hutaikuta kamwe. Basi la shule la njano likisimama na kuwasha taa nyekundu kwenye barabara isiyotenganishwa katikati, magari ya pande zote mbili yanasimama mpaka lizime. Wageni wengi hawaifahamu, na faini yake si ndogo. Ya pili ni ya Virginia: kuendesha zaidi ya maili 85 kwa saa popote, au kuzidi kikomo kwa maili 20, ni kosa la jinai, halimalizwi kwa kulipa tiketi tu. Kijiji chenye 25 ukikiingia kwa 45 uliyotoka nayo shambani, umeshafika hapo. Kwa asiye na uraia, kesi ya jinai inaweza kumfuata kwenye karatasi zake za uhamiaji.

Yapo mazingira ambayo mimi hubaki hawei bila kujadili: usiku, mvua kubwa, theluji, mgonjwa garini, au gari lenye breki nisizoziamini. Wala hawei zote si za kuchosha. I-70 ndani ya Glenwood Canyon, Colorado, iliyokamilika mwaka 1992, imening'inizwa kando ya mto Colorado kwa ufundi unaostahili safari yake. Na ndugu zetu wengi wanaoendesha malori, ambao hawana ruhusa ya kupanda Parkway, watakwambia I-81 nayo ina asubuhi zake.

Kabla ya kupanda barabara ya juu fungua ukurasa wa idara ya hifadhi za taifa uone vipande vilivyofungwa. Parkway haisafishwi theluji kama hawei, hivyo majira ya baridi sehemu ndefu hufungwa, na kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliiharibu vibaya upande wa North Carolina. Jaza tangi chini, Front Royal au Waynesboro. Mkiwa na siku mbili, pandeni Skyline siku ya kwanza, laleni Staunton, na siku ya pili mchukue Parkway hadi US 60 halafu US 11 kupitia Natural Bridge hadi Roanoke. Mkiwa na siku moja tu, acheni mlima: I-66, I-81, shukeni Woodstock kwenye 283, mle mchana New Market, mpande tena kwenye 264.